Lindo la Baharini

Ukitaka kumjua mume wangu, kaulize mlango wa nyumba yetu pale mtaa wa Observatory, Johannesburg. Ndoa yetu imeishi hapo mlangoni. Alfajiri yeye anarudi kutoka lindo, mimi natoka kwenda kibandani kwangu Yeoville kushona nguo za watu. Tunapishana kizingitini, yeye na buti zake, mimi na mkoba wangu wa mikasi. Miaka nenda miaka rudi maneno yetu yalikuwa yale yale. Yeye anauliza, "Umeamkaje, mama?" Mimi najibu, "Salama. Kitanda bado kina joto." Basi anavua buti, anajitupa pale pale nilipotoka mimi, anavuta blanketi mpaka puani. Aliyezaliwa kwenye joto anaweza kucheka, lakini anayeujua mwezi wa sita wa Johannesburg, ule ubaridi unaotafuna vidole mpaka mkasi haushikiki, anajua kwamba kumwachia mtu kitanda chenye joto si jambo dogo. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yetu. Wengine hupeana maua.

Yeye ni Mkongomani wa Uvira, mimi wa Kigoma, ziwa ni lile lile ila Kiswahili kila mmoja alikuja na chake. Mwanzoni nilikuwa nacheka mpaka machozi nikimsikia na "batu" zake na "iko" zake na Kifaransa anachokichomeka katikati kama mtu anayeweka viraka. Siku hizi nami "iko" inanitoka bila kuaga. Kazi yake ilikuwa kulinda geti la esteti moja Midrand, zile nyumba nyingi nzuri zilizozungushiwa ukuta mmoja. Usiku tu, mchana hakupenda. Hata usiku wa mapumziko mwili wake ulikataa kulala. Alikaa jikoni na redio kwa sauti ndogo, na mimi nikipita kwenda chooni namwambia, "Endelea, mzee, linda sufuria zisitoroke."

Mwaka huu umri ukamfika wa kupumzika. Tukashukuru Mungu, binti yetu akakata keki. Kumbe kampuni yake ya ulinzi nayo ilikuwa bado inamtaka: wakamwambia akipenda anaweza kurudi kwa mkataba mpya, geti lile lile, usiku ule ule, awape jibu. Yunifomu yake niliifua, nikaipiga pasi, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chetu. Nikamwambia waziwazi, "Mimi nataka mume anayelala usiku. Irudishe hiyo nguo." Akaitazama, akakuna kidevu. "Bon," akasema, "tutaona."

Hiyo "tutaona" yake naijua. Ni mlango uliofungwa nusu. Na nikisema ukweli, nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nilihofu kwamba huyu baba analipenda lile geti kuliko anavyonipenda mimi, na kwamba tukilala usiku mzima kitanda kimoja tutajikuta wageni.

Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa Joburg na anayefanya kazi kwenye ofisi ya wasafirisha mizigo huko huko Midrand, hakujua habari za hofu yangu. Yeye alijua tu kwamba wazazi wake hawajawahi kwenda matembezi. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenywa, lakini kukisema ni shughuli. Siku moja alijitahidi. "Ma, wewe na Papa mnaenda Mediterania. Na meli. Kubwa. Kwanza mnalala Barcelona, halafu meli, halafu mnalala Roma. Nimeshalipa, sharp?" Baba yake akauliza meli hiyo inalindwa na nani. Binti akaniangalia, akasema, "Eish."

Barcelona nilifungua begi la mume wangu nitoe mashati, nikakutana na tochi. Siyo tochi ya kuchezea. Ile ndefu nyeusi ya lindo, unaweza kumpiga nayo mtu akasahau kwao.

"Hii ya nini, mzee?"

"Bahari iko na giza, mama."

Nikairudisha begini. Alikuwa ameshakagua chumba kizima cha hoteli, dirisha kwa dirisha, na kiti amekisukuma chini ya kitasa cha mlango. Mimi nilikuwa nimejinunulia gauni jipya la kulalia, la rangi ya zambarau, na mwanamke akinunua gauni la namna ile hanunui kwa ajili ya kiti. Nikaingia kitandani nikamngoja. Alikaa ukingoni, akavua soksi moja, akabaki ameishika. Usingizi ukanichukua yeye akiwa bado na ile soksi.

Asubuhi upande wake ulikuwa baridi tupu. Nilimkuta chini mapokezi anakunywa kahawa na mlinzi wa hoteli, kijana wa Senegali, wanaongea Kifaransa na kucheka kama ndugu walioachana utotoni. Hakulala hata lepe. Tulipokwenda kuona lile kanisa kubwa ambalo hawajamaliza kulijenga, watu wote wanatazama juu kwenye dari, yeye akaketi, akaegemeza kichwa nyuma, akauchapa usingizi. Mwongoza watalii wetu, dada mmoja mpole, akanong'ona kwamba si kawaida kumwona mgeni akiguswa namna ile. Nikamwambia ndiyo, huyu ameguswa sana.

Meli sasa. Nilipoiona bandarini nilisema hii siyo meli, hii ni esteti ya Midrand iliyoingia majini. Ina lifti, ina maduka, ina bwawa la kuogelea juu yake wakati chini yake kuna bahari nzima, mimi hilo mpaka leo halijaniingia. Bafe ya chakula haifungwi. Mume wangu alipita mlangoni, akatazama kamera, akatazama vijana wa usalama na mashine yao ya kukagua mabegi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Banajua kazi," akasema. Nikajua nimekwisha.

Basi ikawa hivyo. Nikiamka, upande wake umepoa. Naoga, navaa, nafungua mlango wa chumba niende kunywa chai, naye ndiyo kwanza anarudi, macho mekundu, furaha tele. Anajua waokaji mikate wote. Anajua jamaa wa Ufilipino anayesafisha sakafu ya juu ana watoto mapacha. Amekuta mlango mmoja haukufungwa vizuri, akawaambia mapokezi, wakamshukuru na kipande cha keki ambacho ameniletea kwenye kitambaa cha karatasi. Wafanyakazi wote walikuwa wanamwita Papa. Mimi waliniita Madam.

Asubuhi moja tukakutana pale mlangoni, yeye anaingia, mimi natoka, akaniuliza kama kawaida, "Umeamkaje, mama?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Salama. Kitanda bado kina joto." Jamani! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tumesafiri mbali kote huko, tumepanda ndege mbili na meli moja, tumekuja kupishana mlangoni! Yeye naye akacheka, akapita, akajitupa nilipotoka mimi. Nilipofika kwenye meza ya chai kicheko kilikuwa kimeniisha. Nilitazama ile bahari, buluu, nzuri kupita kiasi, na moyo uliniuma.

Binti alikuwa anataka picha. Nikamtumia. Papa kwenye basi Marseille, amelala. Papa kwenye benchi, nyuma yake ngome ya kale, amelala. Papa mgahawani, uma mkononi, amelala. Binti akajibu kwa wasapu, "Ma, Papa mzima?" Nikamjibu mzima sana, anapumzika, si ndiyo ulitaka apumzike.

Mara moja tu alikuwa macho kodo mchana kweupe. Kutoka Napoli tulipelekwa kwenye ule mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlima. Jua kali, mawe matupu, na yeye anasinzia akitembea, nimemshika kiwiko. Ghafla mwongoza watalii akatuonyesha sakafuni, kwenye mlango wa nyumba ya tajiri mmoja wa zamani, picha ya mbwa iliyotengenezwa kwa vijiwe. Mbwa mweusi, amefungwa mnyororo, meno nje. Maandishi yake, tukaambiwa, yanamwonya mgeni ajihadhari na mbwa. Mume wangu aliamka kama aliyemwagiwa maji. Akachuchumaa. Akauliza mbwa alikuwa wa kweli au picha tu, mlinzi alikaa upande gani, alilala wapi. Mwongoza watalii akasema mambo ya mlinzi hayajulikani. "Njo vile," mume wangu akasema akijinyoosha, yaani ndivyo ilivyo. "Mbwa banamuchora. Mulinzi hapana."

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini tuliporudi chumbani akaanza kuvaa viatu vya raba ili jioni ikifika aende zake kuzunguka, na hasira ikanipanda. Ilikuwa imejikusanya tangu ile soksi ya Barcelona.

"We baba! Umekuja kulinda maji? Nani ataiba bahari?"

Akavuta kamba za kiatu.

"Mtoto ametuleta huku tukae pamoja, wewe unakaa na waoka mikate! Kama geti unalipenda kuliko mimi, sema tu. Sema nijue moja!"

Aliketi. Mume wangu si mtu wa maneno, na Kiswahili chake kikitoka polepole ndivyo kinavyozidi kuwa cha Uvira. "Mi sijui kulala usiku, mama," akasema. "Giza ikiingia, macho inafunguka yenyewe. Nikiifunga, naona kama kuna mutu ataingia, na ni mi niliyelala. Kiisha weye uko pale, unageuka, unapumua. Mi sijui namna ya kulala na mutu mwenye kupumua."

Ningecheka, sentensi ile inastahili kuchekwa, lakini sikuweza. Kwa sababu hata mimi, nikisema kweli, zile dakika chache alizokuwa akijilaza karibu yangu nilikuwa nimekauka kama ubao, nimebana ukingoni nisimguse, kitanda kikubwa namna ile. Nilikuwa nimezoea kulala nimejitandaza. Hofu yangu ilikuwa imekaa katikati yetu. Tukaenda kula.

Siku ya mwisho ya meli tulikuta tangazo chumbani. Kila abiria, kabla ya kulala, aweke mabegi yake nje ya mlango kwenye ujia, yatachukuliwa, asubuhi atayakuta bandarini. Nililisoma nikalirudia. Mabegi yetu. Nje. Tukiwa ndani. Sasa nauliza, mtu wa Johannesburg unamwambiaje jambo kama hilo? Sisi kwetu mkoba hauachwi kwenye kiti cha gari ukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani. Baiskeli ya mtoto inalala jikoni. Mimi mwenyewe niliyekuwa namcheka mume wangu safari nzima, nilikokota begi langu mpaka kizingitini, na mkono ukagoma kuliachia. Wazungu wa vyumba vya jirani wanaweka yao, wanapiga miayo, wanafunga mlango. Mioyo gani hiyo!

Nikamgeukia. Alikuwa ameshachukua kiti cha chumbani na ile tochi yake.

"Mi nakaa nayo," akasema. Wala hakuwa anafanya mzaha.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nikalaza begi langu kubwa kwenye zulia la ujia, nikalikalia. "Basi sogea," nikamwambia. "Leo tuko wawili lindoni."

Alinitazama kama vile nimevua nguo. Miaka yote ile sikuwahi kumwona kazini. Najua yunifomu ile kila mshono, najua kola inapochakaa kwanza, lakini mtu anayekuwa ndani yake sikuwahi kukutana naye. Kumbe ni mtu mwingine kabisa! Mgongo umenyooka, sauti imetulia. Bibi mmoja wa Kizungu akapita na mkongojo, akadhani ni mfanyakazi wa meli, akamkabidhi begi lake na kumwuliza chai ya asubuhi inaanza lini. Akalipokea, akalipanga vizuri ukutani, akamjibu, na jibu lilikuwa sahihi. Mzee mwingine akampa na mkoba wa mkewe. Baada ya muda alikuwa na safu nzima ya mabegi ya watu, na ananitambulisha kwa kila anayepita: "Huyu ni madame wangu. Ananisaidia."

Watu walipopungua nikamwuliza kitu ambacho sikuwahi kumwuliza. "Pale getini, usiku kucha, ulikuwa unawaza nini?"

Alizungusha tochi mkononi. "Weye," akasema.

"Acha utani."

"Kweli, mama. Pale, nilikuwaka nasema, saa hii anafunga mlango. Saa hii anazima taa. Nikisikia ubaridi sana nasema, bon, saa hii iko ndani ya blanketi, ananipashia. Weye njo nilikuwa nalinda. Zile nyumba zingine, hata sijui mwenye nazo."

Nililia, wacha niseme tu. Nililia nimekalia begi kwenye ujia wa meli, na gauni la zambarau nimelivaa chini ya koti. Akashtuka, akanishika bega kwa mkono ule wa tochi, ikawaka, ikanimulika usoni, tukaanza kucheka tena.

Akaja kijana wa vyumba na toroli lake. Alikuwa anamjua Papa, wakasalimiana. Akapakia mabegi ya bibi, ya mzee, ya mkewe, na ya mwisho yetu. Mume wangu aliyasindikiza kwa macho mpaka yakakata kona. Ukabaki ujia mtupu, zulia na taa. Hapakuwa na cha kulinda.

"Lindo limeisha, mzee," nikamwambia. "Ingia ndani."

Aliingia. Akalala chali, viatu miguuni, mikono kifuani kama anayengoja kukaguliwa. Nikageuka upande wangu nikamwambia nikigeuka avumilie, sitageuka kwa makusudi. Akasema sawa. Na punde si punde, loo! Mume wangu anakoroma! Mchana kwenye kochi hulala kimya, mdomo wazi tu, kumbe akilala kikweli anakoroma mpaka bilauri inatikisika. Sasa ikawa zamu yangu kukesha. Nilikaa nikimsikiliza, nikimlaani, nikimshukuru Mungu, yote kwa pamoja.

Usifikiri basi mambo yakanyooka. Roma alilala siku moja, nyingine akashuka tena mapokezi. Tulikwenda kuona makao ya Baba Mtakatifu, na pale langoni alisimama mlinzi kijana, amevaa milia ya buluu na njano toka shingoni mpaka magotini. Mimi nilitazama mishono, nikawaza maskini fundi wake. Mume wangu alitazama miguu. Alisimama mbele ya yule kijana muda mrefu, wamekabiliana mtu na mtu. Kisha akamwambia kwa Kifaransa chake cha adabu kwamba kazi njema, mwanangu, na Mungu akupe mwenye kukungoja nyumbani. Kijana hakupepesa jicho. Hairuhusiwi.

Uwanja wa ndege, tukingoja kuitwa, nikamwuliza, "Sasa kampuni utawajibu nini?"

"Bon," akasema, "tutaona."

Ningempiga na tochi yake mwenyewe.

Tulifika Johannesburg baridi imekaza, majani ya bustani ya jirani yamekuwa meupe kwa sakitu. Tulikuwa tumechoka hata mabegi hatukufungua. Niliamka alfajiri kwa mazoea, wateja walikuwa wananingoja. Upande wake hakuna mtu. Nikanyanyua macho kwenye mlango wa chumba. Msumari mtupu. Yunifomu haipo.

Sikuugusa hata upande wake wa kitanda. Nilivaa kwa fujo, viatu bila kufunga kamba, na ndani ya kifua kitu kilikuwa kimeshuka kama ndoo iliyokatika kamba. Nikajisemea haya, ndiyo jibu lake hilo, amelichagua geti. Nikachukua mkoba wangu wa mikasi, nikaenda mlangoni nikaufungua.

Alikuwa amesimama pale pale kizingitini, upande wa nje, mahali pake pa siku zote. Amevaa sweta langu la kufanyia usafi na kandambili, anatetemeka. Miguuni kwake kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko ile yunifomu, imekunjwa vizuri, buti juu yake, na juu ya buti tochi.

"Umeamkaje, mama?"

"Unafanya nini nje na baridi hii?"

"Kijana wa zamu anapita na gari ya kampuni. Nampa hii airudishe." Akauangalia mkoba wangu, akanyoosha mkono akauchukua, akautundika begani kwake kama ni wake. "Kibanda nitaenda kufungua mi. Bateja nitabaambia bangoje. Weye rudia kulala."

Nikanyoosha mkono kuudai, akageuza bega.

"Enda, mama," akasema. "Kitanda iko na joto bado."

Nikarudi chumbani. Nikavua viatu, nikaingia upande wake. Hakudanganya.